Mshipa Usio na Mwenyewe

Mama Mận aliingia kliniki na nyama ya nguruwe wa kuchoma. Nguruwe mzima alikwisha kutolewa shukrani kwa Bibi wa Mlima Sam, mungu wa kike anayeombwa kule Châu Đốc. Hapa alileta paja na mbavu, zimefungwa kwa majani ya mgomba, ngozi bado inameremeta mafuta. Akazibwaga juu ya meza ya mapokezi, akashika kiuno.

"Yuko wapi yule daktari aliyesema nakufa? Aje ale nyama ya marehemu!"

Waliokuwa kwenye viti wakingoja zamu waliangua kicheko. Nusu yao walimjua. Alikuwa akiuza supu ya tambi na samaki wa kuchachusha karibu na soko la Xuân Khánh hapo Cần Thơ, na sauti yake ilikuwa ikisikika toka ng'ambo ya barabara kabla ya harufu ya supu yenyewe. Majuma machache nyuma kliniki hiyo ilimwambia kwamba mshipa mkuu wa damu tumboni mwake umevimba kama puto na unaweza kupasuka wakati wowote. Mama Mận akagawa sufuria zake, akaaga wateja, akapelekwa Saigon kupasuliwa. Kule, kabla ya kumgusa kwa kisu, walimpiga picha upya. Mshipa ulikuwa laini na mnyoofu kama wa msichana.

"Madaktari wa Saigon walibaki kuguna tu," akasema, akikata mbavu kwa kisu alichokuja nacho. "Mimi nikawaambia, msigune. Nilimwomba Bibi, Bibi kasikia. Haya, nani hana sahani?"

Daktari Tường, mwenye kliniki, alitoka ofisini kwa tahadhari, kama mtu anayetarajia ugomvi. Alipoona nyama uso ukamfunguka. Akapokea ubavu mmoja, akasema tiba ina siri zake, na kwamba kliniki yote inafurahi pamoja na dada Mận.

Khuê alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, kipande cha ngozi kavu ya nguruwe mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza mitambo wa kliniki hiyo, na alicheka na wenzake mpaka akatokwa machozi. Akatia ile ngozi mdomoni. Akaanza kutafuna, na kabla hajameza, wazo likamjia kama ndoo ya maji baridi.

Mshipa hauvimbi ukarudi wenyewe. Na ile picha ya puto haikuchorwa na mtu. Ilitoka ndani ya tumbo la mtu. Kama si la Mama Mận, ni la nani?

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mashine ya skani ya kliniki ilikuwa na tabia moja mbaya. Ilihifadhi picha za kila mgonjwa ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, iliyo ndani ya nyingine tena: tawi, mwaka, mwezi, idara, aina ya kipimo, jina kamili na mwaka wa kuzaliwa, jina la daktari aliyemtuma. Njia ya kulifikia faili moja ilikuwa ndefu mno, na programu waliyotumia madaktari kutazamia picha ilikuwa ikizikataa njia za namna hiyo. Kioo kinabaki cheupe, daktari anafoka, mgonjwa anangoja. Ndipo Khuê alipoandika programu yake ndogo. Haikuwa na dirisha wala vitufe. Unaandika jina lake kwenye kioo cheusi, unaipa ile njia ndefu, nayo inazifuata kona zote mpaka mahali penyewe lilipo faili, kisha inakutengenezea njia fupi ya kupitia. Aliiita Gọn, yaani kitu kilichokaa vizuri bila mikia mikia. Ili kufupisha, Gọn ilikata jina la daktari, ikakata idara na jina la kati, na ikayavua majina ya watu alama zake zote za juu na chini, zile zinazogeuza sauti na maana ya neno. Madaktari waliipenda. Kwenye karamu ya mwisho wa mwaka Daktari Tường alimwambia Khuê asimame apigiwe makofi.

Sasa Khuê aliivuta kibodi. Akaandika amri, akaipa Gọn njia ndefu ya Mama Mận. Jibu likaja palepale, fupi na safi: leman65. Mwaka wa kuzaliwa mwishoni, kama alivyoipanga mwenyewe. Kisha akaigeuza kazi: akatafuta njia ndefu zote zilizowahi kufupishwa zikawa leman65.

Zilikuwa mbili.

Lê Thị Mận. Lê Thị Mẫn. Wa kwanza jina lake ni tofaa, lile tunda. Wa pili jina lake ni mtu mwenye bidii. Masikioni mwa mtu yeyote wa Cần Thơ hayo ni majina mawili. Kwa Gọn wote walikuwa "man" tu, wamezaliwa mwaka mmoja, wamepigwa picha siku moja. Na mashine yenyewe huandika majina pembeni ya picha bila alama, kwa hiyo jicho la daktari halikuwa na pa kukwama.

Khuê akafuata kumbukumbu za siku ile, na kila alichokiona kilizidi kumshusha moyo. Asubuhi alipigwa picha Mẫn, na Gọn ikamtengenezea njia fupi, mlango wa kufikia picha zake. Mchana akapigwa Mama Mận. Gọn ikakuta mlango wenye jina hilo upo tayari, ikauacha kama ulivyo. Daktari akaufungua akidhani anamtazama Mama Mận, kumbe anauona mshipa wa Mẫn. Jioni Khuê mwenyewe, kwa mkono wake, aliiendesha Gọn upya juu ya mafaili yote, kama alivyozoea kufanya usafi, na mlango ukahamia kwenye picha za Mama Mận. Kesho yake daktari akaufungua tena, safari hii kwa ajili ya Mẫn, akaona mshipa mnyoofu wa muuza supu. Akaandika kwamba hakuna tatizo, maumivu ya mgongo ni ya kazi, apunguze kuinama.

Lê Thị Mẫn. Kazi yake: kuchunga bata. Makazi: Ô Môn.

Akapiga namba iliyoandikwa. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Daktari Tường alikuwa bado anafuta mafuta midomoni alipomwona Khuê mbele ya meza yake, mweupe kama karatasi. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Funga mlango. Umemwambia nani?"

"Wewe tu, daktari."

"Vizuri. Tumpigie simu huyo mama, tumwambie aje kurudia kipimo. Kwa upole. Tusimtishe."

"Simu yake haipatikani."

"Basi utajaribu kesho."

"Kesho?" Sauti ya Khuê ilipanda mwenyewe. "Daktari, mimi si mganga, niambie wewe. Mshipa wa ukubwa ule unapasuka lini?"

Daktari Tường alitazama dirishani. Alikuwa mwoga, lakini alikuwa daktari, na kwa jambo hilo hakuweza kusema uongo. "Hata sasa hivi," akasema. Kisha akaongeza, "Ukienda kumtafuta, unakwenda kwa jina lako. Si kwa jina la kliniki."

Khuê alipofungua mlango alimkuta Mama Mận amesimama hapo hapo, kisu mkononi, sahani ya nyama mkono mwingine. Alikuwa amekuja kumbembeleza daktari aongeze kipande. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo," akasema, "Bibi wa Mlima hakunigusa."

"Sijui, mama mdogo."

"Mimi nimechinja, nimecheza ngoma, nimeshukuru, na kumbe mwenzangu huko anatembea na mshipa ule tumboni." Akaweka sahani sakafuni kana kwamba imemchoma. "Una pikipiki?"

"Ninayo."

"Unangoja nini?"

Kabla ya kutoka Khuê aliizima Gọn na kuing'oa kwenye kila kompyuta. Thiện, fundi wa picha, alimchapishia picha halisi za Mẫn na kuzitia kwenye bahasha kubwa. Thiện alikuwa kijana wa maneno machache. Alisema tu kwamba atakaa na orodha nzima ya milango yenye watu wawili, mmoja mmoja, hata kama Daktari Tường hataki, na kwamba kwenye hospitali kuu ana rafiki kitengo cha dharura. "Ukimpata, nipigie. Usimsimamishe. Usimpakie kwenye pikipiki. Alale tu."

Walifika Ô Môn jua likiwa kichwani. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa mnyororo. Jirani, mwanamke aliyekuwa akianika karatasi za mchele za kufungia chakula, aliwaambia bila kuinua macho kwamba wenyewe wameondoka na bata tangu mavuno yaanze. "Wamekwenda Giồng Riềng. Au wamepita. Bata hufuata mashine ya kuvuna wale punje zinazomwagika, na watu hufuata bata."

"Simu yao?"

"Kwenye shamba utachomeka wapi chaja, kwenye mkia wa bata?"

Giồng Riềng ni mashamba ya mpunga mpaka jicho linachoka, na mifereji imeyakata vipande vipande. Khuê aliendesha kwenye tuta jembamba, mara nyingine gurudumu likiwa kidole kimoja kutoka majini, na kila alipomwona mtu alisimama na kuuliza kwa adabu: samahani, mnamjua Lê Thị Mẫn? Watu walimtazama kama mtu wa kodi. Hakuna aliyemjua. Kwenye kibanda kimoja cha kahawa, wanaume waliojilaza kwenye bembea za wavu walijadiliana kwa muda mrefu, wakamkumbuka Mẫn mmoja aliyekufa zamani.

"Basi, mwanangu, basi," Mama Mận akasema nyuma yake. "Unauliza jina la kitambulisho. Nani huku analijua jina la kitambulisho la mkewe? Uliza bata."

Akauliza yeye. Kundi kubwa la bata, mume na mke, wanatoka Ô Môn. Mara moja mzee mmoja akanyoosha mkono kuelekea mfereji wa magharibi. Mama Mận akajipiga kifua kwa kujigamba. Wakafuata mfereji huo mpaka mwisho, wakapotea mara mbili, mvua ikawapiga ikaacha, na walipolifikia kundi hatimaye walikuta bwana mmoja mwenye wake wawili, wote wazima, wote wakicheka. Hakuwa wa Ô Môn. Alikuwa wa Sóc Trăng.

"Mnatafuta mke?" akawauliza. "Ninao wa akiba."

Khuê hakucheka. Alirudi kwenye pikipiki, akaipiga kiki, ikakataa. Akapiga tena. Kisha akakaa chini kwenye tope kando ya daraja la mbao, bahasha kifuani ndani ya koti la mvua, na kilio kikamtoka, kilio kibaya cha kukosa pumzi. Saa nzima ilikuwa imepotea. Alikuwa akiuona ule mshipa machoni, kijivu juu ya kijivu, ukuta wake umekwisha kuwa mwembamba.

Mama Mận alisimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza taratibu.

"Ile programu uliiandika wewe?"

"Mimi."

"Zile alama juu ya jina langu ulizitoa kwa nini?"

"Zilikuwa zinasumbua, mama mdogo. Programu nyingine zinazikataa. Ilikuwa rahisi zaidi kuzitoa."

"Jina langu lilikuwa linasumbua."

Mama Mận alitazama mbali kwenye majaruba, taya zikimchezacheza. Halafu akainama, akamshika kwapa, akamwinua kama mtu anayeinua gunia.

"Utalia ukimwona. Sasa hivi machozi hayatusaidii. Sogea, mimi nina mguu mzito." Akaipiga kiki ile pikipiki kwa nguvu za mtu aliyeambiwa juzi tu kwamba hatakufa, nayo ikawaka.

Yule bwana wa Sóc Trăng, alipoona kwamba si mzaha, akawapungia mkono warudi. Akasema wapo watu wa Ô Môn, ndiyo, mzee Lượm na mkewe, Bi Sáu. Wako mashamba mawili mbele, nyuma ya mashine ya kuvuna ile nyekundu. Jana walikuja kumwomba mafuta ya kuchua. Bi Sáu alikuwa amepigwa na upepo mbaya, mgongo haushikiki.

Waliwaona bata kwanza, weupe na kahawia, wametapakaa juu ya mabua kama zulia linalotembea, kelele yao ikifunika hata mlio wa pikipiki. Kisha turubai la buluu lililofungwa kwenye miti. Chini ya turubai mwanamke mmoja alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, blauzi imepandishwa mpaka mabegani. Mzee mwembamba alikuwa amepiga magoti kando yake, kijiko mkononi, akimkwangua mgongo kwa mafuta kutoka shingoni kwenda kiunoni, kuutoa ule upepo mbaya. Michirizi myekundu ilikuwa imejaa mgongo mzima. Alikuwa akikandamiza kwa bidii na upendo, uzito wake wote juu ya kijiko.

"Usimguse!" Khuê aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, ikamwangukia Mama Mận mguuni. "Usimkandamize! Mwache!"

Mzee Lượm alishtuka, akainua kijiko kama silaha. "Ninyi ni nani?"

"Tunatoka kliniki. Mama ni Lê Thị Mẫn? Mama, ni wewe Mẫn?"

Mwanamke aligeuza uso. Ulikuwa na rangi ya jivu na umelowa jasho, lakini macho yalikuwa na adabu ya mtu anayepokea wageni. "Hilo jina sijaitwa tangu nisajiliwe," akasema kwa shida. "Niite Bi Sáu, binti. Hujala, nini? Lượm, wape chai."

Khuê alipiga magoti. Maneno yalimtoka hovyo: zile picha zilichanganywa, tatizo lipo, mshipa, lazima alale chali, asiinuke, asibebe kitu. Mzee Lượm alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno. Hapana. Walimwambia yuko salama. Yeye mwenyewe aliisoma karatasi. Alimwambia mkewe, unaona, ni uvivu tu wa mgongo, na mkewe akarudi kubeba makreti ya bata.

"Maumivu yalianza lini kuwa hivi?" Khuê akauliza.

"Asubuhi," Bi Sáu akasema. "Kama kitu kimechanika."

Khuê alimpigia Thiện. Mtandao ulikuwa ukikatika. Ilibidi apande juu ya tuta na kupiga kelele. Gari la wagonjwa lingefika mpaka kwenye daraja la barabara kuu, si zaidi. Kutoka kwenye turubai mpaka darajani hapakuwa na njia ya gari, ulikuwepo mfereji tu. Mama Mận, huku akichechemea, alikwishatoka kwenda kwa wenye mashine ya kuvuna, na sauti yake ikasikika shamba zima: mtu anakufa hapa, ninyi mnavuna nini, leteni mtumbwi! Walikuja vijana wawili na mtumbwi mwembamba wa injini. Wakaifungua bembea ya wavu ya Bi Sáu, wakamlaza ndani, wakamnyanyua watu wanne, miguu ikizama topeni mpaka magotini.

Kwenye mtumbwi Bi Sáu alimshika Khuê kidole. Alikuwa baridi. "Usiwe na wasiwasi hivyo, binti," akamwambia. "Una mama?"

"Ninaye."

"Mpigie simu. Uso wako si mzuri."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika darajani. Muuguzi alimpima presha, akamtazama mwenzake, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza kwa sauti ya kawaida. Khuê aliwakabidhi bahasha. Muuguzi alizitazama picha kwenye mwanga wa jua, akasema, "Mungu wangu," akapiga simu kwenye chumba cha upasuaji kabla hata machela haijaingia garini.

Mzee Lượm alikuwa na mguu mmoja kwenye gari. Akageuka. "Nani alizichanganya?"

Khuê angeweza kusema mashine. Angeweza kusema kliniki, na ingekuwa kweli pia. "Mimi," akasema. "Niliandika programu ya kufupisha njia za mafaili. Ilifupisha na majina. Jina la Bi Sáu likawa sawa na la mama huyu. Sikuangalia."

Mzee alimtazama Mama Mận, ambaye aliinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye mwizi. Kisha akamrudia Khuê. Usoni hapakuwa na hasira bado. Hasira ilikuwa haijapata nafasi ya kufika.

"Bata wangu hawana mtu," akasema. "Wakivuka mfereji wakaingia kwenye mpunga mbichi wa watu, tumekwisha. Uliyatenda haya, nenda kawalinde. Wewe mwenyewe." Akapanda. Mlango ukafungwa.

Ikawa hivyo. Khuê, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kushika bata ila kwenye sahani, alirudi kwa mtumbwi ule ule na kukabidhiwa ufito wenye mfuko wa plastiki nchani. Bata walimdharau tangu dakika ya kwanza. Alipokwenda kulia walikwenda kushoto. Alipokimbia walitawanyika, alipopiga kelele walipiga kelele zaidi. Kundi moja lilijitosa kwenye mfereji kuelekea ng'ambo, kule ulikokuwa mpunga mbichi, na yeye akajitosa nyuma yao na nguo zake, maji kifuani, akipiga maji kwa ufito na kulia kwa sauti, "Rudini! Jamani, rudini, nawaomba!"

Mama Mận, mguu umevimba, alikuwa amekaa tutani akitoa amri. "Usiwafukuze, watangulie! Mbele yao! Mbele! Umewahi kuona mtu anamrudisha mlevi kwa kumsukuma mgongoni?"

Wakarudi, kwa hiari yao zaidi kuliko kwa uwezo wake. Giza lilipoanza kuingia walikuwa ndani ya uzio wa wavu, karibu wote. Yule bwana wa Sóc Trăng alileta wali na samaki, hakufanya mzaha tena. Thiện alipiga: Bi Sáu ameingia chumba cha upasuaji, mshipa ulikuwa umeanza kuvuja, damu yake si rahisi kupatikana, yeye mwenyewe Thiện ametoa. Tena akapiga, akasema Daktari Tường ameagiza Khuê asikanyage kliniki mpaka aitwe, na kwamba kwenye ile orodha amekwisha pata wengine wawili, anawapigia. Wala hakumwuliza daktari. Khuê alimpa namba ya Mama Mận, na baada ya hapo simu yake ikafa. Ya Mama Mận ilibaki na chaji kidogo, wakaiweka katikati ya mkeka kama mgonjwa, wakakaa kuitazama. Hawakulala. Mama Mận alimsemea Bi Sáu sala kwa Bibi wa Mlima, kisha katikati akanyamaza, akasema, "Sijui kama ninayo haki ya kumwomba tena," kisha akaendelea kuomba.

Kulikuwa kumekucha kabisa simu ilipolia. Mama Mận aliitazama, akamsukumia Khuê. "Pokea wewe. Mimi siwezi."

Ilikuwa sauti ya mzee Lượm, inayokwaruza.

"Yuko hai," akasema. Kisha Khuê alimsikia akivuta pumzi. "Figo moja haifanyi kazi. Mguu wa kushoto hausikii. Wanasema huenda ukarudi, huenda usirudi. Mashambani hatarudi tena, hilo wamesema."

"Mzee wangu…"

"Sijamaliza. Nitazungumza na wenye kliniki. Na wewe pia nitazungumza, lakini si leo, leo nikifungua mdomo nitasema nisilolitaka." Akakohoa. "Amefungua macho, ameuliza bata."

"Wapo. Karibu wote. Wanne hawaonekani."

"Mayai umeokota?"

Khuê aligeuka. Bata walikuwa wakigombania mlango wa uzio, wana njaa, na nyuma yao, kwenye majani makavu na tope walipolala, mayai yalikuwa yametapakaa kila mahali, mengine yamekwisha kanyagwa.

"Bado," akasema.

"Okota kabla hujawafungulia. Watayavunja."

Simu ikakatika. Khuê akaingia ndani ya uzio, akapiga magoti kwenye tope, akaanza.